Dari Tuliyowapa Wakwe

Nikiingia nyumba ya mtu, hata kabla salamu hazijaisha, macho yangu huenda juu. Nimefanya hivyo Voi na Nakuru, nimefanya Kisumu, na kila mahali ambapo kazi ya ukarani na kutotulia kwangu vimenifikisha. Mwenyeji hudhani nastaajabia kwake. Mmoja aliniambia kwa fahari, "Bati jipya hilo," nami nikamjibu kuwa ni zuri. Sikumwambia kwamba natafuta doa, lile doa la unyevu lenye ukingo wa rangi ya chai, ambalo likishatokea kwenye chokaa halifutiki. Wakwe zangu waliishi chini ya doa kama hilo bila kulitaja, kwa sababu dari ile tuliwapa sisi.

Kwetu palikuwa Kibarani, upande wa magharibi wa kisiwa cha Mombasa, ambako pwani ni tope na mikoko. Watu wa mjini hawakuja kutembea huko. Walikuja kununua chokaa, na wakishapata makanda yao, yale magunia ya ukindu, walirudi wakijikung'uta nguo. Baba alikuwa na tanuri, na kabla yake babu, aliyetoka Sheheri, Arabuni, kuchukua mizigo bandarini akaishia kuchoma mawe. Nyuma ya nyumba palikuwa na machimbo, shimo pana jeupe ambamo Waduruma walibandua mawe ya matumbawe kwa mitaimbo. Wabajuni walituletea kuni za mikoko. Wakamba waliokuja na kazi ya reli wakabaki ndio waliokuwa wachukuzi wetu, na kina mama walioachwa huru utumwani juzi juzi walikaa kivulini wakiponda kokoto na kumsema kila apitaye. Fundi wetu wa uashi alikuwa Mhindi wa Kachi, aliyezungumza Kiswahili kama mtu aliyezaliwa Kuze, mtaa wa mji wa kale, isipokuwa akikasirika.

Kwa kabila hatukufanana, lakini kwa miguu tulikuwa ndugu. Chokaa hula ngozi. Nyayo zetu zilipasuka, na weupe ukaingia ndani ya nyufa ukakaa humo. Kila Ijumaa nilizisugua kwa jiwe na mafuta ya nazi kabla ya kwenda kuswali mjini, na bado nikifika msikitini nilitafuta safu ya nyuma kabisa, ili asiwepo mtu nyuma yangu wa kuziona nikisujudu. Nilikuwa kijana wa kuoa, na hivyo ndivyo nilivyojiona: mtu wa safu ya nyuma.

Basi fikiria mshangao wetu tulipokubaliwa posa Kuze.

Wakwe zangu walikuwa watu wa mlango wa nakshi, Waarabu wa zamani mjini, wenye mashamba bara yaliyokuwa yameota magugu tangu watumwa waliokuwa wakiyalima waondoke. Mali ilikuwa imepungua, jina lilikuwa pale pale. Mzee wao, baba wa msichana, alimpenda baba kwa sababu ambazo sikuzijua. Nadhani walizoea kuongea baada ya sala, wote wawili wakiwa watu wa maneno machache. Lakini siku ya kupewa majibu, ami wa msichana alikuwepo, na yeye hakuwa wa maneno machache.

"Hawa si kufu yetu," alisema, nasi tumekaa mbele yake. "Mnamtia mtoto tanurini."

Mzee akamwambia anyamaze. Baba alitazama juu kidogo, kama mtu anayetafuta neno, na akaona dari ya nyumba ile jinsi ilivyochakaa, boriti zimeliwa, chokaa imebanduka vipande vipande. Akasema kwa sauti ya chini kwamba mahari ni mahari, lakini juu ya mahari angependa kuwatengenezea wakwe zake dari mpya, boriti, mawe, chokaa na mafundi, kama zawadi, kabla ya arusi.

Ami mtu akatazama nje ya dirisha. Mzee akashika mkono wa baba. Nilimwonea fahari baba yangu siku ile, na nataka hilo nalo liandikwe.

Dari ya Mombasa ya siku zile ilikuwa kazi ya watu wengi. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe bapa, juu ya mawe kokoto iliyochanganywa na chokaa, kisha watu walipanda juu na vipande, vile vibao vya kupigia vyenye mpini, wakaipiga sakafu ile siku baada ya siku mpaka ikashikana ikawa kitu kimoja. Lakini yote hutegemea chokaa. Mawe hupangwa juu ya magogo ya mchu, ule mkoko wa kuni, kwa duara, magogo mengi kuliko mtu anavyodhani, na moto huachwa ule hadi mawe ya katikati kabisa yameiva. Kisha chokaa humwagiwa maji. Huchemka yenyewe, hupasuka, hulia, na mtu huiacha mpaka inyamaze kabisa. Jiwe lisiloiva hukaa ndani ya unga ule kama mbegu, na lile lililoiva likakosa maji ya kutosha huja kunywa maji baadaye, likiwa tayari ndani ya dari, likavimba na kuipasua.

Mwaka ule mchu ulikuwa umekwisha karibu yetu. Tuliukata sisi wenyewe, mimi na baba na babu, hata vijito vya jirani vilikuwa visiki vitupu na kaa. Kuni zilizotoka mbali zilinunuliwa na watu wa reli, na boriti nzuri zilipakiwa kwenda Arabuni. Baba alipata boriti kwa shida. Kuni hakupata za kutosha. Akajazia makumbi ya nazi na vigogo vya minazi mikavu, vitu vinavyowaka kwa kelele na kuzimika upesi.

Fundi wa Kachi alipofika kuitazama chokaa alichota konzi moja, akaichezea kiganjani.

"Sheikh, ya katikati haijaiva hii. Tupange tanuri nyingine."

"Kwa kuni gani?" baba akauliza.

"Basi tungoje kuni."

"Siku ya arusi ishatajwa mjini. Nikaseme nini, wangoje kuni?"

Fundi akapangusa mkono kwenye shuka. "Waoane chini ya mwavuli," akasema, na kina mama wa kokoto wakacheka, na baba naye akacheka kidogo, na chokaa ikachukuliwa mjini.

Siku za kupiga dari zilikuwa karamu. Kina mama wale wale walipanda juu wakasimama safu mbili zinazotazamana, vipande vikashuka pamoja, na wakaimba. Ilikuwa desturi kwamba wapigaji wana ruhusa ya kumtukana mwenye nyumba na mwenye kugharimia mpaka waletewe kahawa na halua, wala hakuna wa kukasirika. Mimi, kama bwana arusi, sikuruhusiwa kukanyaga nyumba ile. Mama mkwe hakupaswa kuniona, wala mimi yeye. Nilisimama uchochoroni chini na kuwasikia wakiniimba, kwamba bwana arusi ameoga mara saba na bado ni mweupe, wamtie kwenye uji wafikiri ni maziwa. Watu madirishani walicheka. Nikainamisha kichwa na kutabasamu, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu anavyotakiwa kufanya. Halua ikapelekwa juu na matusi yakahamia kwa mtu mwingine.

Arusi ikapita. Mke wangu, baada ya siku zake za fungate kwao, akaja kukaa nasi Kibarani, katika nyumba ya udongo na makuti. Hakulalamika. Masika yalipoanza alilala akisikiliza mvua juu ya makuti, na siku moja akasema, "Kwenu hakuvuji." Nilidhani ananisifia.

Baada ya siku chache mimi na baba tukaenda kumjulia hali mzee, aliyekuwa na homa. Wanawake waliingia ndani kabla hatujapanda ngazi. Tukakaribishwa ukumbi wa juu, tukaketi kwenye zulia ambalo sikuwahi kuliona pale, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akatumiminia kahawa. Mvua ilikuwa imekatika saa hiyo hiyo. Baba alikuwa ameshika kikombe, anauliza habari za homa, na kutoka juu tone moja likashuka likaingia ndani ya kikombe chake. Lilikuwa tone zito, la rangi ya maziwa. Kahawa ikaruka ikampata kidoleni.

Mzee alikuwa akimtazama baba usoni, shemeji alikuwa akitazama dele la kahawa. Niliona jicho la baba likienda kikombeni, halafu nikaona mkono wake unakiinua. Akakinywa chote.

"Nikuongeze, mkwe?" mzee akauliza.

"Niongeze," baba akasema.

Tukarudi Kibarani kwa miguu, tukipita Makadara katikati ya watu na vidimbwi, na kila mtu niliyepishana naye nilimwona kama anajua.

Jioni hiyo nilimbana mke wangu, akanieleza yote. Dari ilivuja tangu mvua ya kwanza. Chokaa ilikuwa ikitoa vipele, vipele vinapasuka, na kila kilipopasuka palibaki tundu. Kila tulipopeleka habari kwamba tunakuja, nyumba nzima iliamka: mabeseni na masufuria yaliyokinga maji yalikimbizwa nyuma, zulia likatandikwa juu ya sakafu iliyolowa, udi ukafukizwa kuondoa harufu ya ukungu.

"Kwa nini wasiseme?" nikauliza.

"Waseme nini? Mliwapa. Nani amwambiaye mkwe kwamba zawadi yake mbovu?"

"Wangeweka bati."

"Kaka alisema waweke bati. Babangu akamwambia kubomoa dari ya mkwe ni sawa na kumpiga kofi sokoni." Akaanza kuokota makombo mkekani. "Mimi la kuvuja si kitu. La mamangu ndilo liniumizalo roho. Boriti za chumbani mwake zimebonyea. Maji yamekaa juu hayana pa kwenda, boriti zayanywa. Analala chini yake."

"Ahame chumba."

"Akihama jirani watauliza mbona amehama. Asema atalala pale pale. Mwambie babako."

"Babangu ajua."

"Ajua nini?"

"Alikinywa kikombe," nikasema. Hakuelewa, nikalazimika kumsimulia, na mke wangu akajifunika uso kwa leso.

Nilimwambia baba hata hivyo. Nilimkuta kwenye tanuri akipanga mawe. Nikamweleza habari ya boriti na ya mama mkwe. Alisikiliza bila kuacha kazi.

"Wamesema wao?"

"Hawakusema. Mke wangu ndiye aliyesema."

"Basi hawakusema." Akaweka jiwe, akalisukuma kidogo kwa kiganja. "Nikienda na fundi sasa hivi, nitakuwa nimewaambia nini? Kwamba najua mmekaa chini ya takataka yangu masika yote mkanificha. Nitawavua nguo. Wamenistahi, nami niwastahi."

"Na ikianguka?"

Akainama kuchukua jiwe jingine. Nikamtazama mgongoni. Alikuwa amekonda tangu siku ile ya kahawa. Niliona haya kwa ajili yake, kisha nikaona haya kwa kuona haya, maana alikuwa baba yangu na alikuwa anajaribu kuwa muungwana kwa watu walioambiwa kwamba yeye si kufu yao. Lakini mama wa mke wangu alilala chini ya boriti zile kila siku, na sisi sote tuliojua tulikuwa tunapeana heshima juu ya kichwa chake.

Mvua ziliisha, zikaja za vuli, na boriti zikazidi kubonyea. Ndipo nikasikia kwamba kuna matanga Kisauni, na kwamba nyumba nzima ya Kuze itavuka kwenda kuzika na kukaa huko mpaka alasiri. Nikaona nafasi. Ningepanda juu ya dari kupitia nyumba ya jirani, ambako fundi wetu wa Kachi alikuwa akitengeneza ukuta, nione ubaya umefika wapi. Kama boriti zingeweza kuegemezwa nguzo kwa siri, ningetafuta njia. Kama haziwezi, ningemwambia mzee mwenyewe na nifedheheke mimi, mradi baba asiwe ndiye aliyesema.

Fundi alinisindikiza hadi ukingo wa dari ya jirani, akasimama hapo.

"Huvuki?" nikamwuliza.

"Kwa nini nivuke? Mimi niliijenga. Naijua."

"Basi nikanyage wapi?"

"Kanyaga karibu na ukuta. Katikati usiende. Katikati ni sambusa."

Nilivua viatu ili nisikie sakafu kwa mguu. Karibu na ukuta ilikuwa ngumu. Nilipiga kwa kisigino nikasogea, nikapiga tena, na sauti ikaanza kubadilika, ikawa ya mtungi mtupu. Paliota majani kwenye nyufa. Nikaona pale ambapo maji yalikuwa yakikaa, beseni pana la kijani, nikajua ni juu ya chumba cha mama mkwe. Nikanyoosha mguu kugusa tu ukingo wake. Fundi akasema kitu kwa Kihindi.

Mguu wangu wa kulia ukazama wote hadi pajani. Nikakaa juu ya dari nimetanua miguu kama mtu aliyepanda punda, mmoja juu, mmoja unaning'inia chumbani, nikasikia mawe yakianguka chini yangu juu ya kitu laini. Kisha vumbi likatulia, na chini nikasikia mtu anakohoa.

"Mguu huu wa nani?" sauti ya mwanamke ikauliza. Ilikuwa sauti ya mgonjwa, tulivu.

Fundi alinitazama kwa mbali, nikamtazama.

"Nauliza, mguu wa nani?"

"Wangu, mama," nikasema.

"Wewe nani?"

Ningeweza kusema mimi ni kibarua wa jirani. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameutazama mguu wenyewe, wayo umepasuka, weupe ndani ya nyufa, na nadhani hapakuwa na mguu mwingine kama ule mtaa mzima.

"Ni mkweo, mama. Wa Kibarani."

Nilisikia akijifunika kitu, kanga au shuka, ingawa kutoka nilipokuwa sikuweza kumwona. Paja lilikuwa limeziba tundu lote.

"Sikwenda matangani," akasema mwishowe, kama anayeomba radhi kwa kuwemo nyumbani mwake. "Nna homa. Bahati nilikuwa nimeinuka kunywa maji."

"Pole, mama."

"Nimeshapoa. Umeumia?"

"Sikuumia."

"Usiuvute mguu. Ukiuvuta yashuka yote. Ngoja." Nikasikia kasha likiburutwa sakafuni, taratibu, likasimama, likaburutwa tena. Nilitaka kumwambia aache, atoke chumbani, boriti zingeweza kukatika wakati wowote, nikasema hivyo, naye akajibu, "Zingetaka kukatika zingekatika nimelala." Kisha nikahisi viganja viwili, vya moto kwa homa, vikishika wayo wangu. Mwanamke ambaye kwa desturi hata kivuli changu hakupaswa kukiona alikuwa amesimama juu ya kasha na ameshika mguu wangu mchafu, akiusukuma juu.

"Sukuma na wewe," akasema. "Mbona wanikalia."

Fundi alikuwa ameshalala kifudifudi kwenye ukingo na kuninyooshea kipande cha boriti. Nikakishika, mama mkwe akasukuma, nikatoka. Tundu likabaki wazi. Sikutazama ndani. Naapa sikutazama. Lakini nilipokuwa natambaa kurudi ukutani nilisikia sauti yake ikitoka tunduni, sasa wazi kabisa.

"Haya basi. Limeshasemeka. Nenda kamwite babako."

Baba alikuja kabla ya magharibi. Mzee na shemeji walikuwa wamerudi kutoka Kisauni na nguo zao za msiba, wakakuta kitanda cha mama mkwe kimejaa mawe. Tulisimama chumbani wanaume watatu na mimi, mama mkwe amehamia chumba cha pili na mlango umerudishwa. Juu yetu anga ilionekana. Baba aliinama akaokota kipande kutoka juu ya godoro, akakivunja vidoleni. Katikati palikuwa na kiini cha kijivu. Akakitia ncha ya ulimi. Chokaa iliyoiva huuma ulimi, jiwe lisiloiva halina ladha yoyote. Alisimama na ulimi wake ukingoni mwa midomo kama mtoto, sote tunangoja.

"Hii yangu," akasema. "Haikuiva. Nilijua siku ile haikuiva. Mnisamehe."

Nilimtazama mzee. Neno moja tu lilihitajika.

"Hapana, mkwe," mzee akasema. "Mvua za mwaka huu zilikuwa nyingi mno. Hakuna dari ingestahimili."

"Haikuiva," baba akarudia.

"Ni mvua."

"Nakuomba unisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe ulitupa dari. Mvua imeichukua. Ni amri ya Mungu." Akamshika mkono, vile vile alivyomshika siku ya posa, na akasema tushuke ukumbini, kahawa inakuja. Alikuwa anamstahi. Alimstahi hadi akamnyima kile alichokuja kukiomba, na baba akashuka ngazi hali amebeba vile vile alichokuja nacho. Shemeji akanong'ona nyuma yangu, "Sasa tutaweka bati?" na baba yake akamtazama.

Waliweka bati. Baba hakwenda kuliona. Fundi alisema ni zuri.

Mama mkwe alikuja Kibarani mwezi wa Shaabani. Sijui kama aliwahi kutoka mchana mbali namna ile tangu aolewe. Nilikuwa tanurini na baba nilipoona mabuibui mawili yakija kwenye njia ya vumbi kutoka Makupa, moja la mke wangu, aliyekuwa amekwenda kumchukua, na jingine la mtu aliyetembea taratibu akishika bega lake. Mimi nikageuka nikatazama baharini. Nilisikia kila kitu.

"Masalkheri, mkwe," alisema kutoka mbali kidogo, uso amefunika.

"Masalkheri, mama. Hamjambo nyumbani?"

"Hatujambo. Nimekuja kununua chokaa ya kupaka. Ramadhani yakaribia, nataka kuta zangu ziwe nyeupe. Nimemwambia mwanangu, siitaki ya mtu mwingine."

Kina mama wa kokoto walikuwa wameacha kuponda. Ilikuwa mara ya kwanza niliyowasikia wakinyamaza. Nyuma ya baba, ukutani, makanda ya chokaa yalikuwa yamepangwa mpaka kimo cha mtu, chokaa nzuri, ya kuni za mchu za mbali ambazo baba alikuwa amezinunua kwa tabu baada ya mambo yale, iliyoiva na kunyamaza vizuri. Ndevu zake zilikuwa zimejaa unga wake.

"Hakuna chokaa, mama," baba akasema.

Nikageuka.

Mama mkwe alitazama makanda. Hata kupitia buibui nilijua anayatazama.

"Yale je?"

"Yale ya watu."

Hayakuwa ya watu. Hapakuwa na mtu aliyeyaagiza. Mke wangu alilijua hilo, na kina mama walilijua, na mchukuzi wa Kikamba aliyekuwa ameegemea makanda yale akajitenga nayo polepole, kana kwamba yanaweza kusema.

"Basi," mama mkwe akasema. "Ikipatikana utanijulisha."

"Inshallah, mama."

Wakaondoka. Mke wangu alinitazama mara moja, akanitazama kama anangoja niseme kitu, kisha akamshika mama yake mkono wakarudi njia waliyojia, kwenye jua. Mimi nikarudisha macho baharini. Baba alikuwa baba yangu, na mtu aliyenyimwa msamaha hakuweza kuiingiza chokaa yake tena katika nyumba ile.

Adhuhuri ya siku iliyofuata akaja Mhindi mwenye duka Makadara, mteja wetu wa siku nyingi, akataka makanda yote. Baba akamwambia hakuna. Mhindi akayaonyesha kwa fimbo yake, akacheka akidhani ni mzaha. Baba akamwambia hakuna. Alimwambia hivyo kila aliyekuja mwezi mzima wa Shaabani, ili lile alilomwambia mama mkwe lisiwe uongo, na makanda yakakaa pale pale ukutani, umande wa pwani ukayaingia kila usiku, Ramadhani ikaingia na kuta za Kuze hazikupakwa.

Baada ya Idi tuliyafungua. Chokaa ilikuwa imeshikana ndani ya makanda, imegeuka mawe yenye umbo la gunia. Mimi na Waduruma tukayavunja kwa mitaimbo, tukayabeba vipande vipande na kuyamwaga kwenye shimo la machimbo, na baba akaketi kivulini pamoja na kina mama, akatutazama mpaka tukamaliza.